Dakika Mbili

Siranush amenitumia simu kutoka Marsei,
ndani ya boksi jeupe lililokaza kifuniko chake kama kombe.
Robo saa nzima nilihangaika nalo,
mimi ninayefungua saa ya mfukoni kabla chai haijapoa.

Nimeigeuza. Nimeigeuza tena.
Haina skrubu.
Miaka arobaini na mmoja kibandani hapa Gyumri,
kati ya muuza jibini na fundi viatu,
sijapata kushika kitu kinachokwenda
kikakataa kunionyesha tumbo lake.

Ikaniambia: weka kidole. Nikaweka.
Inua. Weka tena. Kifute. Jaribu kingine.
Dole gumba langu halina mistari,
petroli na msasa viliilamba yote zamani.
Vazgen wa jibini akatoa lake,
likakubaliwa papo hapo, mafuta na yote.
Kwa siku mbili simu yangu ilifunguliwa na Vazgen.
Nilikuwa nikigonga ubao: "Dole!"
naye anakuja akijifuta kwenye aproni,
mzito, kama aliyeitwa kushuhudia wasia.

Siku ya tatu mjukuu wake akaifundisha uso wangu.
Sasa inanitambua, hata sijanyoa.
Ila nikibana kikuza jichoni, kile kijikombe cheusi,
inanikana kabisa.
Niko kazini kwangu, kwenye kiti changu,
na simu yauliza huyu ni nani.

Jioni hunihesabia hatua: mia nne na kumi.
Hainisifu. Inanishauri.
Ningejua pa kujibu ningeijibu
kwamba leo nimetoka saa tatu nikafika saa kumi na moja
bila kuinuka, na njiani
nimefufua Mswisi mmoja na Warusi wawili.

Siranush ananiona kwenye video. Mimi namwona yeye,
na nyuma yake friji, na juu ya friji ndizi.
"Baba, hiyo nailoni ya kioo ni ya dukani tu, ibandue."
Nimesema kesho.
"Baba, unanionyesha dari."

Ile ya zamani, ya vitufe, iko kwenye droo
pamoja na akrabu zilizopoteza saa zao.
Sijui kuizima kengele, au sijajaribu.
Hulia kila alfajiri, na mpya hulia baada yake,
dakika mbili kamili. Nimezipima.
Saa inayokimbia ina ugonjwa, na magonjwa hayo nayajua:
utepe umeshika sumaku, au mafuta yamegusa utepe.
Nikaketi nayo chini ya taa kama na mgonjwa yeyote.
Ndipo nikakumbuka vidole vya Hasmik
vikibonyeza, vikibonyeza,
ule msimu wa theluji basi liliponiacha mara tatu wiki moja.
"Fundi saa mzima," alisema,
akairudisha mfukoni mwa koti langu
wala hakunieleza alichofanya.

Yuko makaburini mwaka wa sita sasa.
Miaka sita naishi dakika mbili mbele ya mji,
na mji haukuniambia.

Hii mpya haikosei. Majira yake yatoka angani.
Jumatatu niliifuata,
nikafika kona ya duka la mkate
nikayaona mataa mekundu ya basi yakikunja.

Mjukuu wa Vazgen asema inawezekana kuisogeza,
ukiingia huku, ukizima hiki. Nikamwambia acha.
Iache iwe sahihi, ndiyo kazi iliyonunuliwa.
Ya droo naichaji kila Jumapili.
Inalia, naamka. Naweka kahawa motoni.
Dakika mbili hazitoshi kahawa kuchemka,
zatosha tu kusimama pale na kijiko mkononi
hadi ile nyingine ilie.

Nailoni sijaibandua.
Kona moja imeanza kujikunja yenyewe.