Mkwaju

Hombolo, usiku, bando limebaki kiduchu.
Chumbani mwetu mna wakulima mia mbili na saba
na hamna kiti hata kimoja.

Kila amri huanza na mkwaju:
/karibu, kwa mgeni wa Mpunguzi;
/mada bei ya zabibu, maana wameshaanza siasa;
/nyamazisha Chinyele dakika kumi,
katulie, kaka, unywe maji.

Bibi alikuwa na mkwaju wa kweli, nyuma ya mlango.
Haukuhitaji nywila.

Jana huyu Jembe_Butu kamtukana Mama Ndahani,
mjane wa watu, aliyeuliza tu dawa ya ukungu.
Nikaonya. Akajibu kwa hahaha tatu.
Nikaandika: /fukuza Jembe_Butu.
Kidole kikasita juu ya kitufe,
kisha kikashuka.

Ng'ambo ya ukuta wa tofali mbichi
simu ya mdogo wangu Mesiaki ikalia mara moja,
kitanda kikalalama,
mtu akasonya.

Asubuhi kateka maji bila kutumwa.
Ndoo kaiacha mlangoni pangu, neno hakusema.
Nakunywa uji, natazama kioo cha simu.
/rudisha, nimeshaandika.
Bado sijabonyeza.