Mchepuo

Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja.
Jina: Tawera Mackie. Mwaka wa pili.
Shahada: Sayansi. Hiyo haibadiliki.
Mchepuo wa sasa: Biokemia.
Mchepuo unaoombwa:
na hapo kalamu ikasimama
kama kondoo mlangoni pa zizi,
haingii, hatoki.

Nje, Dunedin inanyesha mvua yake ya ubavuni,
ile isiyoanguka, inayokujia usoni.

Biokemia sikuichagua. Nilibaki nayo.
Mwaka wa kwanza tulijaa kumbini hadi ngazini,
wote tukiutaka udaktari,
na barua ilipokuja na "tunasikitika" yake
nilishika kilichokuwa karibu,
kama aliyeteleza ashikavyo koti la asiyemjua.
Bibi yangu kule Bluff
alikuwa ameshawatangazia wauza chaza
kwamba mjukuu wake atawatibu magoti.

Sikufeli. Hilo ndilo gumu kulieleza.
Nilipata B, na B, na B yenye kijumlishi,
nikaijua mizunguko ya seli kwa moyo
kama mtu anavyoijua ratiba ya basi
la mtaa asiokaa.

Jiolojia ilianza kama mchepuko.
Cheka, lakini ndivyo.
Nilipungukiwa alama kumi na nane za muhula
na Jumanne yangu ilikuwa tupu.
Nikawa naiendea kimyakimya,
narudi kwenye vimeng'enya vyangu na tope viatuni.
Jinsu, mwenzangu wa benchi, huuliza: ulikuwa wapi?
Nasema: maktaba.

Kisha Aprili, Otago ya Kati,
upepo unaokwangua masikio.
Dakta Pascoe akatugawia nyundo:
"Gongeni, halafu nyamazeni."
Nikagonga. Jiwe likafunguka kurasa kurasa,
na ndani, punje za garneti,
nyekundu nzito, ndogo kuliko kichwa cha pini.
Akasema hili lilikuwa tope la bahari.
Likazikwa, likabanwa, likapikwa,
likageuka lote bila kuyeyuka.
Wenzangu walipiga picha.
Mimi niliandika pembeni mwa daftari: bila kuyeyuka,
nikapigia mstari, karatasi ikatoboka.

Bi. Verrall wa ushauri huvaa ndara ofisini.
Akanisogezea kopo la biskuti, akavuta orodha.
"Kemia yako haipotei, mawe nayo yana kemia.
Takwimu inabaki. Jenetiki, pole,
hiyo hatuna pa kuiweka."
Muhula mmoja zaidi. Pengine miwili.
Nikapiga hesabu kwa kodi
ya chumba kinachoota kuvu nyuma ya kabati.
Kupotea njia ndiko kujua njia;
nauli ya kupotea hawasemi inalipwa na nani.

"Una uhakika?" akauliza.
Uhakika nilikuwa nao mwaka wa kwanza,
mzima, haujapasuka popote.
Angalia ulikonifikisha.

Nikaandika. Herufi nane.
J yangu ilitoka kama ndoano.

Baba, kwenye simu, alinyamaza
hadi nikasikia mashine ya kukamulia ikizima.
"Mawe," akasema.
"Miaka thelathini nayaokota mawe shambani hapa,
nayarundika kando ya uzio.
Hakuna aliyenipa shahada."
Akakata. Si kwa hasira, ng'ombe walikuwa wanangoja.
Au kwa hasira. Baba husingizia ng'ombe.

Likizo ya Juni nilifika usiku, na barafu barabarani.
Asubuhi, kando ya bakuli langu la uji,
palikuwa na jiwe.
Kijivu, mshipa mweupe, ukubwa wa ngumi,
limeoshwa.
Baba alikuwa amesimama dirishani,
ananipa mgongo, anakunywa chai isiyokuwepo kikombeni.
"Hilo ni nini?"

Nililigeuza. Nikalipeleka kwenye mwanga.
Mwaka na nusu wa maprotini, wiki kumi na tatu za mawe.
"Sijui bado," nikasema,
na kwa kuwa jiwe likilowa huonyesha punje zake,
nikalilamba.

Mama akaacha kumenya viazi.