Sentimita Moja na Nusu

Mvua ya Kadutu inapiga mabati.
Nsimire hajavua futi ya kushonea shingoni.

"Sentimita moja na nusu," daktari anasema,
"picha imeliwahi.
Tunaweza kutoa donge tu, titi libaki,
kisha mionzi, ng'ambo ya mpaka, majuma matano.
Au titi lote, hapa hapa, Jumatatu."

Anapima kwa kidole: kifungo cha shati.
Dada yake Faida alikuja na ngumi nzima kifuani;
yeye hakuulizwa anataka nini.

"Na cherehani yangu, majuma matano, ataishika nani?"

Daktari anageuza picha, anaigeuza tena.
Umeme unakatika.

"Nipe hadi kesho.
Kitambaa cha mtu sikikati gizani,
sembuse hiki changu."