Usilichomeke Kwanza

Jana usiku nililichomoa jokofu, Gocha.
Likakohoa mara moja, likanyamaza.
Nikatandika mataulo sakafuni,
barafu ikadondoka hadi alfajiri,
na nyuma kabisa, mchuzi wa plamu wa mama yako,
mgumu kama tofali.

Asubuhi ukaja na spana mpya, bado ina bei.
Weka chini. Gesi unaiogopa,
na mimi ndiyo kazi inayonilisha.
Simama mlangoni, pale pako pa siku zote.

Nafunga vali: mpini ukingame na bomba.
Nawasha jiko lile kilichobaki,
mwali wa buluu unafupika, unafupika,
unajifia wenyewe.
Ndipo nafungua nati, naziba bomba kwa kizibo cha shaba,
napaka povu kwa brashi ya kunyolea uliyoisahau.
Nangoja.
Hakuna kiputo.
Hakuna hata kimoja.

Mashine ya kufulia haisafiri hivihivi,
pipa lake litajigonga njiani mpaka livunjike.
Inataka boliti zake nne,
nami nilidhani zilishapotea.
Ukapanda stuli, ukashusha kopo la chai:
zote nne, zimefungwa kwa uzi mwekundu.
Siku tuliyoinunua nilikucheka,
za nini hizo, nani anahama?
Hukujibu siku ile.
Leo pia hukujibu.
Ichukue, basi, wewe uliyeitunzia boliti.

Lifti ya Gldani hula sarafu.
Jokofu likaingia wima, mlango wake tumeufunga kwa mkanda,
pasibaki nafasi ya mtu.
Nikatia tetri ishirini, nikabonyeza moja,
nawe ukateremka ngazi mbio, ghorofa saba,
ulipokee.
Nilisikia viatu vyako mpaka ghorofa ya tatu hivi,
kisha nikasikia lifti tu.

Sasa ni saa nne usiku, niko kwa dada yangu.
Nimekuandikia: usilichomeke kwanza.
Najua lile gari, najua mliliinamisha,
mafuta ya mota yamekimbilia kusiko kwake.
Liache lisimame mpaka asubuhi,
yarudi yenyewe, polepole.

Umejibu: limesimama.
Halafu: mchuzi wa mama nimeuweka dirishani, nje kuna baridi.
Halafu, baada ya muda mrefu:
jiko lako umeliunganisha?

Bado.
Nimekula mkate.