Kitabu Kinasemaje

Baba aliuza ng'ombe wawili, yule mwenye mabaka na mtamba wake,
akanisindikiza mpaka stendi ya Misungwi
akicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepunjwa:
"Kwa hiyo unakwenda kusomea kulea.
Bibi yako kalea kumi na mmoja. Nani alimpa cheti?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na godoro na ndoo.

Sasa niko mwaka wa pili. Darasani tuko wanaume watatu,
na Dokta Bwire akiandika ubaoni "mlezi mkuu"
huchora mstari mmoja, mfupi, wa jina moja.
Mstari huo nimeupeleka Kirumba, mwaloni,
ndani ya fomu ya kurasa nne,
nikamsome mtoto wa miezi ishirini na miwili.

Anaitwa Shija.
Fomu inauliza ametanguliwa na nani. Jina limeshajibu:
pacha. Nikauliza pacha wako wapi.
Mama yake akageuza dagaa kwenye chanja,
akageuza na waliokwisha kugeuzwa.
Kisanduku kile nimekiacha wazi.

Mlezi mkuu: mama, mpaka saa tano.
Kisha Kwandu, muuza uji. Kisha binti wa Kwandu,
miaka tisa, sare ya shule, Shija mgongoni,
ambaye ukimuuliza mbona hayuko darasani
anakuuliza wewe mbona hauko darasani.

Kipengele cha saba: "hupanga vitofali vitatu bila kusaidiwa."
Nikavitoa mkobani, vya mbao, vya rangi, mali ya chuo.
Shija akakinusa kimoja, akakirudisha.
Akachuchumaa akapanga dagaa mchangani,
kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia,
kumi na mmoja, mpaka kwenye kiatu changu,
kisha akaniangalia kama mtahini.
Fomu ina "ndiyo" na "hapana".
Nimeandika pembeni, herufi ndogo, mpaka pembeni pakajaa.

Usiku, Malimbe, umeme umekatika.
Mawe ya ziwani bado yana joto la mchana;
nimekalia moja, simu ina asilimia sita.
Baba.
Mvua. Pamba. Deni la dawa ya pamba.
Kimya. Halafu:
"Huyu Masalu wenu, tangu mama yenu alazwe Bugando
halali. Anashika mlango usiku kucha.
Kitabu kinasemaje?"

Kinasema mengi. Sura ya tano nzima inasema, ina na michoro,
mishale inakwenda kwa mama, inarudi kwa mtoto.
Niliitafuta kichwani, nikaona mlango wetu wa bati tu.
"Kaa naye, baba."
"Nikae nifanye nini?"
"Ukae tu."

Nikasikia kigoda kikiburutwa sakafuni,
kikohozi, na sauti ambayo mimi sikuwahi kupewa
ikisema gizani, taratibu:
"Hebu sogea. Na mimi nipate nafasi."