Upande wa Kulia

Picha ilikuwa moja tu,
ya kalenda ya mwaka sitini na sita,
iliyoziba ufa sebuleni kwa babu yake Nangumbi, Newala.
Gari jekundu, fupi, limeinama kama paka anayevizia panya,
usukani kushoto, kama wafanyavyo huko lilikotoka,
na kushoto huko huko ndiko lilikopigiwa picha.
Ubavu wa kulia
hakuna kati yetu aliyewahi kuuona.

Nangumbi alichomelea bomba la gesi Madimba
mpaka mkataba ukaisha.
Akarudi Chikongola na kofia ya kuchomelea,
viatu vyenye chuma puani
na mkono usiotetemeka.
"Asumini, wewe unajua waya. Njoo."
Nikaenda. Sikuuliza mshahara,
na heri sikuuliza.

Fremu tuliipima kwa kamba ya katani na kwa jicho.
Bodi tuliifinyanga kwanza kwa udongo wa kichuguu,
tukaupiga msasa usiku,
juu yake tukalaza vitambaa vya faiba na gundi ile inayonuka
mpaka majirani wakamwita mjumbe.
Bi Lukanga akalizunguka, akaligonga kwa kidole.
"Hili boti?"
"Gari, bibi."
"La nani?"
Nangumbi akamwambia: "Bado."

Injini ndiyo ya juzi.
Silinda nne, valvu kumi na sita,
na kompyuta iliyo sawa na nusu mche wa sabuni.
Tuliinunua kwa pesa za korosho, malipo ya pili,
kutoka kwenye gari lililopinduka kona ya Nangoo.
Tuliambiwa dereva hakupona.
Chuma hakiwekewi matanga, tukasema,
tukaipakia.

Wiki tatu nilichambua waya,
kila mmoja na rangi yake na kiburi chake.
Nikawasha.
Ikazunguka, ikakataa.
Taa ndogo ya ufunguo ikapepesa,
ikapepesa,
kama mtu anayechungulia dirishani na kusema: siye wewe.

Injini ilikuwa inakumbuka.
Ilitaka ufunguo wake, chipu yake.
Nangumbi akataka tuagize kompyuta nyingine Dar.
Nikapiga hesabu kwenye boksi la msumari.
Korosho zilikwisha kuliwa.

Nikaenda Masasi, mtaa wa Mkuti,
kwa mama Hokororo, mjane.
Akanipa uji kabla sijasema shida.
Ufunguo ulikuwa ndani ya kopo la majani ya chai
pamoja na leseni, risiti ya hospitali
na kitufe cha shati.
"Alikuwa akiiwasha saa kumi na moja," akasema.
"Inakohoa mara mbili ndipo inakubali.
Mimi ndiyo ilikuwa saa yangu ya kuamka."
Pesa hakutaka.
Alitaka tumpigie simu.

Alfajiri, Chikongola.
Nimeishika simu karibu na ekzosi, moshi machoni.
Nangumbi akazungusha ufunguo.
Ikakohoa. Ikakohoa tena.
Halafu ikanguruma, na kuku wa jirani wote wakawa juu ya bati.

Kwenye simu, kimya kirefu.
Nikadhani salio limekwisha.
"Mmebadilisha ekzosi," mama akasema.
"Ndiyo, mama."
"Kikohozi ni kile kile."
Akakata.

Watu wanatuuliza kama limefanana.
Kushoto, naam, ukisimama mbali kidogo
na jua likiwa limekuchoma.
Kulia tulibuni.
Kifuniko cha mafuta nilikitoa kwenye jenereta bovu,
mlango unafungwa kwa komeo la kabati,
na kuna bonde dogo pale gundi ilipokauka
tukiwa bado tunabishana.
Fundi mmoja wa Shangani alicheka: "Hapa mmekosea."
Labda.
Lakini sisi tunaendesha upande wa kulia,
usukani tuliuweka huko.