Usiku Mko Wangapi?

Askari wa getini aliniuliza, "Wamtafuta nani, mama?"
Nikamjibu, "Nafasi."
Akacheka, akafungua. Hakujua nasema kweli.

Wanangu wameniletea karatasi yenye picha:
bustani, samaki wa rangi ndani ya kioo,
bibi anayecheka na meno ambayo si yake.
"Ni Tudor tu, mama, si mbali," asema Nasoro,
naye tangu Idi hajavuka kuja Likoni.
Sikubisha. Nilikuja na tuktuk, peke yangu,
na saa yangu ya kifuani, ile ya wodini,
iliyoning'inia kichwa chini miaka thelathini na sita
nikihesabu mapigo ya watu.

Meneja ni kijana, shati limepigwa pasi hadi linakata.
Akanionyesha vyeti ukutani. Vitatu. Vina fremu.
Mimi nikatumia pua.
Dawa ya sakafu, kali, ya asubuhi hii hii,
na dawa kali ni kiapo ambacho hakuna aliyekiomba:
palipo safi hapanuki kitu.

Chumba cha tatu. Mzee Shebwana kalala.
Meneja yuko kwenye habari za televisheni,
mimi nimeshafunua shuka upande wa miguu.
Kisigino ndicho cheti.
Cha kulia, kizima. Cha kushoto kina wekundu;
nikaubonyeza kwa kidole, ukaondoka, ukarudi.
Haya. Yuko mtu humgeuza.
Hamgeuzi vya kutosha.

Kucha zimekatwa. Nikaandika kichwani.
Jagi limejaa maji, gilasi iko dirishani,
hatua nne, kwa miguu isiyo na hatua.
Na kengele ya Bi Rukiya, kitanda cha tisa:
kamba yake imezungushwa juu ya chuma, ikapigwa fundo,
kama kitoweo kinavyotundikwa paka asifikie.
"Huwa anaivuta bure," akasema meneja.

Bure.
Nimeitwa bure mara elfu.
Mara moja haikuwa bure, nami nilichelewa,
na jina lake nalijua mpaka leo. Sitalisema hapa.

Chai wote wametiliwa sukari sawa,
kana kwamba ulimi nao huachwa mapokezi
pamoja na kitambulisho.

Moyoni nilikuwa nimeshaondoka
nilipomwona yule msichana, Nyevu, beji imempinda,
yuko na Mama Wakio, ambaye nusu ya mwili imekataa kazi.
Hakusimama kumlisha. Alivuta kiti akaketi,
magoti kwa magoti.
"Mahamri au muhogo?"
Mama Wakio akafungua mdomo. Neno halikuja.
Nyevu hakumtafutia.
Nikatazama saa ya kifuani.
Sekunde kumi. Ishirini. Kunguru akatua dirishani, akachoka, akaruka.
Arobaini na moja.
"Mu... hogo."
"Muhogo. Na pilipili?"
Na akangoja tena!

Cheti cha hilo sikukiona ukutani.

Ofisini nilikataa soda.
"Swali moja, mwanangu. Usiku mko wangapi?"
Akazipanga kalamu zake.
"Wazee ni thelathini na mmoja. Wahudumu... inategemea."
"Na Nyevu?"
"Nyevu ni wa mchana."
Mchana, hata nyumba mbaya hupata jua.

Kabla sijatoka nikarudi kitanda cha tisa.
Fundo lilinisumbua, vidole vyangu vina baridi yabisi,
lakini lilifunguka. Nikamtia Bi Rukiya kamba kiganjani.
Akaivuta papo hapo.
Hakutaka kitu. Alitaka kuisikia.

Jioni Nasoro akapiga simu:
"Mama, ile karatasi umeisoma?"
"Nimeisoma, baba. Haina ukurasa wa usiku.
Huo nitakwenda kuusoma mwenyewe,
saa nane, bila hodi."